Alemayehu na Deni la Ukarimu

Katika kanisa la Mtakatifu George, ndani ya kasri la Windsor, kuna kibao cha shaba ambacho Malkia Victoria aliagiza kiwekwe kumkumbuka kijana wa Kihabeshi, Alemayehu, mwana wa Mfalme Tewodros wa Pili. Kibao kinabeba maneno ya Yesu katika Mathayo sura ya 25, yale ya mgeni aliyekaribishwa. Watu wa Ngara na Biharamulo, kaskazini magharibi mwa Tanzania, wanaujua uzito wa maneno hayo bila kuhubiriwa. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco kule Ngara ikageuka mji wa maturubai, miti ikaisha kwa kukatwa kuni, na malori ya chakula kutoka Isaka yakawa yanapita Lusahunga na Nyakahura mchana na usiku. Wenyeji walipata hasara, lakini si wao waliowafukuza majirani zao makwao. Swali linalonishughulisha linaanzia hapo: je, aliyemfanya mtu kuwa mgeni anaweza kujihesabia thawabu ya kumkaribisha? Nasema hawezi. Wema anaoutenda unaweza kuwa wa kweli kabisa, lakini mbele ya haki ni sehemu tu ya deni, na deni lenyewe linabaki.

Tuitazame habari yenyewe. Mwaka 1868 jeshi la Jenerali Robert Napier, askari wapatao 13,000, lilipanda milima ya Uhabeshi kuwakomboa Wazungu waliofungwa na Tewodros, akiwemo balozi mdogo wa Uingereza. Wafungwa walikwisha kuachiwa ngome ya Maqdala iliposhambuliwa tarehe 13 Aprili. Tewodros alijiua asije akashikwa. Taji, vitabu na vitu vitakatifu vya kanisa vilibebwa kwa tembo na nyumbu, na pamoja na msafara huo wakaenda Malkia Tiruwork na mwanawe wa miaka saba. Mama akafia njiani kabla ya kufika pwani. Mtoto akabaki mikononi mwa Kapteni Tristram Speedy, aliyekijua Kiamhari, na akamng'ang'ania kama mtu anayeng'ang'ania kamba ya mwisho. Malkia Victoria alimwona katika kisiwa cha Wight akampenda, naye mpigapicha mashuhuri Julia Margaret Cameron akampiga picha. Kisha, mwaka 1871, serikali ikaona heri asome kiungwana, ikamtenganisha na Speedy. Akapelekwa Cheltenham, halafu Rugby, halafu chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Rugby na Sandhurst hakupata furaha. Alifariki Leeds tarehe 14 Novemba 1879, akiwa na miaka 18, akazikwa Windsor.

Katika ugonjwa wake wa mwisho kuna jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko picha zote za kifalme. Alikataa matibabu kwa kuamini kwamba alikuwa amelishwa sumu. Mtu anaweza kusema ni homa iliyomvuruga, na huenda ndivyo. Lakini hofu ya namna hiyo huwa na mizizi. Baada ya miaka kumi na moja ya kulishwa, kuvishwa na kusomeshwa, moyo wake haukuwa na uhakika kwamba waliomzunguka walimtakia uhai. Malkia mwenyewe aliandika katika shajara yake kwamba kijana alikufa peke yake katika nchi ya ugenini, bila ndugu hata mmoja, na kwamba aliumia akidhani watu wanamkodolea macho kwa sababu ya rangi yake. Maneno hayo yana huruma ya kweli, na ndiyo maana nayachukua kuwa ushahidi mkubwa: aliyempenda kuliko wengine pale ndiye anayekiri kwamba mapenzi hayakutosha.

Si yeye peke yake. Duleep Singh, mfalme wa Masingasinga kule Punjab, alivuliwa ufalme mwaka 1849 akiwa na miaka kumi. Alitia saini mkataba uliomnyang'anya nchi na almasi ya Koh-i-Noor, akabatizwa mwaka 1853, mwaka uliofuata akapelekwa Uingereza. Alipewa heshima zote: karamu, uwindaji, shamba kubwa la Elveden, urafiki wa Malkia huyohuyo. Mwaka 1886 alipojaribu kurudi India alizuiwa Aden, na palepale Aden akairudia dini ya baba zake. Wasomaji wengine huiona hatua hiyo kama hasira ya siasa. Mimi naiona kama swali zito la imani. Dini aliyopewa mtoto na walezi waliomnyang'anya nchi na kumtenga na mama yake, hata ikiwa ni dini ya kweli, hakuipokea kwa uhuru ambao imani yenyewe inaudai. Alifia Paris mwaka 1893, akazikwa Elveden kwa ibada ya Kikristo.

Wapo watakaonijibu kwamba Alemayehu angeuawa kama angeachwa, kwa kuwa wababe waliogombea kiti cha baba yake hawakuwa watu wa kuchezewa. Hoja hiyo ina nguvu na siidharau. Lakini hatari hiyo ilizaliwa na vita vilevile vilivyomwangusha baba yake, na kumwokoa mtoto mwaka 1868 hakuelezi kwa nini aliyekwisha kufa azuiliwe hata baada ya Rais Girma Wolde-Giorgis wa Ethiopia kuomba mabaki yake mwaka 2007, na hata jibu likabaki lilelile mwaka 2023. Mwingine ataniambia Tanzania nayo iliwarudisha Wanyarwanda kwa nguvu Desemba 1996. Ni kweli, na wengi wao hawakutaka kuondoka. Ukarimu wetu pia ulikuwa na mwisho wake. Lakini kosa la mwenyeji aliyechoka na kosa la aliyevunja nyumba kisha akajiita mwenyeji hayawi moja.

Pingamizi la tatu ni la kidini: mifupa ni udongo, roho iko kwa Mungu, basi ya nini kubishania kaburi? Jibu limetoka kwa waliokataa wenyewe. Kasri la Buckingham lilikataa kwa maelezo kwamba kuna uwezekano mdogo sana wa kuyatoa mabaki ya Alemayehu bila kuwasumbua wengine waliolazwa hapo Windsor. Anayesema hivyo amekwisha kukubali kwamba mahali pa marehemu pana heshima yake. Tena Waingereza waliikubali kanuni hiyo mapema zaidi, pale mdaiwa alipokuwa mwingine. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na mwaka 1954 Gavana Twining wa Tanganyika alilikabidhi kwao kule Kalenga. Kabaka Mutesa wa Pili wa Buganda, aliyefia London mwaka 1969, alirudishwa Kasubi mwaka 1971. Mfalme Kigeli wa Tano wa Rwanda alifia Marekani mwaka 2016, ndugu wakapelekana mahakamani juu ya mahali pa kumzika, akazikwa Nyanza Januari 2017. Katika kila shauri, swali la nani ana haki ya kumzika marehemu lilikuwa la watu wake. Ugumu wa kuchimba ni kazi ya wataalamu wa makaburi. Kama kweli haiwezekani kutenganisha mabaki, wawaite wawakilishi wa kanisa la Ethiopia na wa ukoo wa Tewodros, wawaonyeshe, na uamuzi wa nini kifanyike uwe wao.