Mgeni Mlangoni na Haki ya Mwenye Nyumba

Ndugu zetu wasomaji, jambo tutakalolizungumza leo laonekana kuwa dogo, kwani ni la vyumba na kodi. Lakini ndani yake limo suali kubwa: Je, kila awezalo mtu kulifanya katika mali yake ni haki yake kulifanya?

Usiku mmoja, baada ya darsa, mzee mmoja alitusimulia habari ya mwanawe. Kijana huyo, mwanafunzi wa chuo kikuu, alipelekwa Kiboko, katika Kaunti ya Makueni, kujifunza kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo ambapo hujaribiwa mbegu za mahindi yanayostahimili ukame. Kiboko ni mji mdogo kando ya njia kuu ya Mombasa na Nairobi. Kijana alitafuta chumba kwa simu, wakakubaliana bei, akatuma kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi wa pili. Alipowasili magharibi na sanduku lake, alikuta chumba amekwisha pewa mwengine aliyeongeza bei. Alirudishiwa fedha zake zote, hazikupungua hata senti. Lakini kulala, alilala Makindu, katika hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambalo humlisha msafiri na kumlaza bila ya kumuuliza dini yake wala kumtoza.

Mzee alighadhibika mno. Ndipo mwenzetu mmoja akamuuliza kwa upole: "Mzee wangu, na yule kijana wa bara uliyemnyima chumba chako cha Tudor mwaka jana?" Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Yule nilimrudishia pesa zake."

Hatukusudii kumfedhehesha mzee wetu, kwani wengi wetu tungalijibu vivyo hivyo. Lakini tulitazame jawabu hilo. Wanavyuoni wametufundisha kuwa ijara ni kuuza manufaa ya kitu kwa bei maalumu na kwa muda maalumu. Basi mapatano yakishatimia, manufaa ya chumba kile kwa muda ule si ya mwenye nyumba tena. Kuta ni zake. Mwezi ule si wake. Aliyempa mwengine hakutumia mali yake, bali aliuza mali ya mtu mara ya pili. Na kurudisha fedha hakurudishi usiku wa kijana wala utulivu wa moyo wake.

Huenda mtu akasema: "Nyinyi mwawatetea wanafunzi tu, na wao wana vituko." Ni kweli, na haki haina upande. Wako wanaopanga kwa jina la mmoja wakalala sita, na wako wanaotoroka usiku na deni. Tena wako wanaodai kutolipa miezi ya likizo kwa kuwa hawakulala chumbani. Dai hili si sawa: mwenye ufunguo mkononi amekwisha kabidhiwa manufaa, na kutoyatumia ni hiari yake. Lakini mwenye nyumba naye, akimpangisha mwengine katika likizo hiyo, haimfalii kuchukua kodi mbili kwa chumba kimoja. Na ile amana ni mali ya mpangaji mpaka ithibitike hasara aliyoisababisha. Si zawadi ya kumuaga mwenye nyumba.

Limebaki lililo gumu zaidi, nalo ni bei. Vyuo vyetu vingi havina mabweni ya kuwatosha wanafunzi wote, na mkopo wa serikali mara nyingi hufika masomo yamekwisha anza. Mwenye nyumba aliyeko Tudor au Kilifi ayajua hayo, naye aweza kupandisha kodi wiki ile ile ambayo vijana wamejaa barabarani na mizigo yao. Mkataba huo hatusemi kuwa ni batili, kwani bei ilitajwa na mpangaji akakubali. Lakini ridhaa ya mwenye dhiki si sawa na ridhaa ya mwenye nafasi, na moyo wa mwenye nyumba wajua tofauti yake hata kama karatasi haiijui. Na anayesubiri mkopo wake, kumpa muhula ni katika wema tulioamrishwa kumfanyia mdaiwa aliye katika dhiki.

Ndugu zetu, watoto wetu wako Kitui, Makueni na Nairobi, wakibisha milango ya watu tusiowajua. Na watoto wa watu hao wako mlangoni petu. Kila mmoja wetu na ampime mgeni kwa kipimo anachotaka mwanawe apimiwe. Mzee wetu aliondoka usiku ule bila ya kusema neno. Siku ya pili tulisikia kwamba alikuwa akiitafuta nambari ya simu ya yule kijana wa Tudor.

Wabillahi ttawfiq.