Sufuria ya Risasi



Swali tunalolijibu safari hii limetoka mbali. Kijana mmoja wa mtaa wetu, aliyepata kipaimara mbele ya macho yetu na sasa yuko Uingereza kwa masomo, ametuandikia barua. Baada ya shikamoo zake na kuwaulizia wagonjwa mmoja mmoja, anaeleza kwamba katika kanisa analosali yuko mzee mmoja, mtu mwema, mkusanyaji wa sadaka, ambaye ndiye aliyemfuata na kumpa mkono siku ile ya kwanza alipoketi peke yake kiti cha nyuma. Mzee huyu anayo bunduki ya kale aina ya Martini-Henry. Risasi zake si kitu cha kuingia dukani na kununua, kwa hiyo siku za Jumamosi huwasha jiko katika banda la gari, akayeyusha madini na kusubu risasi kwa mkono wake mwenyewe. Sasa amemwalika kijana wetu aje amsaidie. Kijana anauliza: je, Mkristo aweza kufanya kazi ile Jumamosi, na Jumapili asubuhi akanyosha mkono uleule kupokea Ushirika Mtakatifu?

Tuliisoma barua hii katika kamati ya gazeti, na tukiri kwamba hatukukubaliana. Mmoja wetu alisema mara moja, "La, hasha." Mwingine akacheka, akauliza tangu lini tumeanza kuhukumu michezo ya wazee wa Ulaya. Ilitubidi kukutana mara mbili.

Kwanza lugha yetu yenyewe inatutega. Mwingereza ana neno moja la madini na neno jingine la kile kitokacho mtutuni. Sisi tuliazima kwa Mwarabu neno moja tu, risasi, nalo latutosha kwa yote mawili. Basi tukisema "mzee anayeyusha risasi" tumekwisha kumtia nusu ya hatia, na kumbe huenda anayeyusha bomba la maji la nyumba kuukuu. Msomaji avumilie, maana hatuna neno jingine.

Kazi yenyewe, kama kijana alivyoielezwa, ni ya utulivu. Madini ya risasi huyeyuka kwa joto la digrii 327, nayo bati kwa 232. Huchanganywa kidogo ili risasi isiwe laini mno. Uchafu uelea juu huondolewa kwa upawa. Kalibu ikiwa baridi, risasi hutoka na mikunjo kama uso wa ajuza, na ile yenye kasoro hurudishwa sufuriani bila majuto. Risasi moja ya Martini-Henry ina uzito wa gramu 31, kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Na tone moja la jasho likidondokea sufuriani laweza kuyarusha madini ya moto hadi usoni. (Wazee wetu wa kusini, waliopewa dawa mwaka 1905 wakaambiwa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji, hawakuwa na nafasi ya kujua kwamba madini yale na maji havipatani kabisa.)

Mzee yule hujitetea hivi: bunduki ina umri wa zaidi ya miaka 130, na tangu aipate haijapiga kitu ila karatasi. Sheria ya silaha ya Uingereza ya mwaka 1968 humruhusu mtu kuwa na silaha ya kale kama pambo bila cheti; bali akitaka kuipiga, hana budi kupata cheti cha polisi, naye anacho. Hamwibii mtu wala hamtishi mtu.

Sisi huku hatuwezi kumrukia. Vijijini mwetu yako magobori yanayopigwa kufukuza nguruwe shambani, na katika ngoma zetu wazee hucheza na mikuki ambayo haikuchongwa kwa ajili ya kucheza. Hakuna padre tunayemfahamu aliyewanyima Ekaristi kwa sababu hiyo. Mkuki ukiweza kustaafu, kwa nini bunduki isistaafu?

Lakini bunduki ile ina habari zake. Martini-Henry ndiyo iliyokuwa mikononi mwa askari wa Uingereza kule Isandlwana, katika nchi ya Wazulu, tarehe 22 Januari 1879. Siku ile Wazulu walishinda. Walikufa zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza, na Wazulu wasiopungua 1,000, wengi wao kwa risasi nzito za namna hiyohiyo. Kijana wetu ni Mwafrika. Anaposhika kalibu, anashika umbo la kitu kilichopita katika miili ya watu wanaofanana na babu zake. Mmoja wetu alisema kwamba hili peke yake latosha kukataa. Wengine tuliona kwamba chuma hakina dhambi ya asili, na kwamba Mtume Paulo alipowajibu Wakorintho juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu, hakusema nyama imeharibika. Alitazama dhamiri ya ndugu aliyekaa mezani. Kijana akiona moyo unamchoma, asiende, na mzee amwelewe. Hili hatuwezi kumwamulia kutoka huku.

Wala si kila aliyesubu risasi nyumbani alikuwa akicheza. Tarehe 9 Julai 1776 watu wa New York waliiangusha sanamu ya Mfalme George III, iliyotengenezwa kwa risasi na kupakwa dhahabu. Vipande vyake vingi vilipelekwa Litchfield, Connecticut, na huko nyumbani kwa Oliver Wolcott wanawake na watoto wakasubu risasi 42,088. Tunaijua hesabu kwa sababu waliihesabu. Wamarekani huisimulia habari hii kwa fahari, nasi tulioutafuta uhuru wetu wenyewe hatuwezi kuidharau. Hata hivyo tunashindwa kuacha kumfikiria yule mtoto, anahesabu, anapanga, anahesabu tena. Hata nyumba ya Mungu haikuachwa. Katika vita vya Waingereza wao kwa wao, vilivyoanza mwaka 1642, askari waliyabandua mapaa ya makanisa yaliyoezekwa kwa madini haya, wakayafanya risasi. Na mpaka miaka yetu hii wezi wa Uingereza hupanda juu ya makanisa usiku na kuyauza mapaa hayo kwa wanunua vyuma chakavu, na mvua ikawaangukia waumini.

Jambo lililotushika zaidi ni la karibuni. Mwaka 2017 mahakama ya Birmingham ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha miaka 30. Alikuwa mfanyabiashara wa bunduki mwenye kibali. Aliingiza silaha za kale, akazitengenezea risasi nyumbani kwake, kwa mashine za mkono, kwa ustadi na uvumilivu uleule tunaousifu kwa mzee wetu. Risasi zake zilifika kwa magenge, na polisi wakazikuta mahali pengi pa uhalifu. Walimtambua kwa alama ndogo ambazo vyombo vyake viliziacha juu ya kila moja. Mwaka 2021 serikali ya huko iliziondoa aina saba za risasi katika orodha ya zile zilizohesabiwa kuwa zimepitwa na wakati.

Basi tazameni: sufuria ni ileile na ustadi ni uleule. Mmoja ni mkusanyaji wa sadaka na mwingine yuko gerezani. Tofauti yao haimo katika madini wala katika umri wa bunduki. Imo katika mlango wa banda: nani anaingia, nini kinatoka, na kama mwenye nyumba anauliza. Torati inamwagiza ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta mdogo darini, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Haimkatazi kuwa na dari. Wala haingoji mpaka mtu aanguke ndipo iulize kama mwenye nyumba alikusudia.

Tukifuata sheria hiyo, yuko mtu mwingine wa kuanguka ambaye barua inamtaja kwa kupita tu: mjukuu wa mzee, mwenye umri wa miaka miwili, ambaye huchezea bandani. Hapa kamati yote ilikubaliana, na hatukuhitaji mkutano wa tatu. Vumbi la risasi hukaa sakafuni, katika nguo na kucha. Mtoto hulitia kinywani. Nalo huharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fidia haimrudishii mtoto akili. Tulikuwa tumeshughulika sana na Wazulu wa 1879 na magenge ya Birmingham, na huku mtu aliye katika hatari kwa hakika anatambaa chini ya meza.

Kwa hiyo tulimjibu kijana wetu hivi. Ikiwa dhamiri yako haikukatazi, mwanetu, nenda. Mzee amekupa urafiki, na urafiki si kitu kidogo katika nchi ya baridi. Lakini muulize, kwa adabu kama unavyomuuliza mzee wa nyumbani, mambo matatu: madini ameyapata wapi, risasi zinazobaki huenda kwa nani, na mtoto hukaa wapi jiko linapowaka. Unawe mikono kwa sabuni na ubadili nguo kabla ya kula chochote. Tena, kama nafasi ikipatikana, muulize anajua nini juu ya Isandlwana kwa upande wa Wazulu.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Mzee ameweka kufuli bandani, na mtoto haingii tena. Risasi hampi mtu. Huzihesabu, na zinazozidi huzirudisha sufuriani. Juu ya Isandlwana walizungumza mpaka usiku, na mzee alimwomba kijana amtafutie kitabu. Juu ya madini alinyamaza kwanza. Kisha akasema kwamba huyanunua kwa mtu wa vyuma chakavu, mabamba makubwa bapa, ya kijivu, ya zamani sana, na hakuwahi kumuuliza yametoka juu ya paa gani.