Mchango Darasani na Mtoto Asiye na Kitu

Sanduku la kadibodi limewekwa juu ya meza ya mwalimu, nalo limetobolewa upenyo wa kupitishia sarafu. Ukutani imebandikwa chati yenye majina ya madarasa, na kila Ijumaa asubuhi mistari ya rangi hurefushwa. Fedha hizi ni za wenye njaa. Kuna ukame mahali fulani, mkuu wa shule ameueleza vizuri kwenye paredi, na watoto wameguswa. Darasa litakaloongoza litapewa keki.

Nani anaweza kulaumu nia kama hii? Lakini katika dawati la tatu ameketi mtoto ambaye hakunywa hata uji alipotoka nyumbani. Hii ni Ijumaa ya tatu anapita mbele ya sanduku mikono mitupu, na wenzake wanaoitaka keki wameanza kuhesabu nani ameleta na nani hajaleta. Shule inakusanya fedha ili kupunguza njaa, na papo hapo inamwongezea mwenye njaa mzigo ambao jana hakuwa nao: aibu. Je, wema unaofanywa kwa walio mbali unaweza kuwa dhambi kwa aliye karibu?

Jibu la haraka ni kwamba michango ya shule ifutwe. Jibu hilo halifai, kwa sababu michango hii imefanya mambo makubwa, na mtoto asiyefundishwa kutoa akiwa mdogo hujifunza kwa shida akiwa mkubwa. Mwaka 1998 Ryan Hreljac, mvulana wa miaka 6 wa Kemptville, Kanada, alisikia kwa mwalimu wake kwamba wako watu wasio na maji safi, na kwamba dola 70 zingeweza kuwapatia kisima. Alikwenda nyumbani kuwaomba wazazi fedha hizo. Hawakumpa, walimwambia azifanyie kazi. Kwa muda wa miezi minne aliosha madirisha na kusafisha nyumba hadi zikatimia. Alipozipeleka, aliambiwa ukweli ambao watu wazima walipaswa kuujua mapema: dola 70 zinanunua pampu ya mkono tu, bali kuchimba kisima kunagharimu kama dola 2,000. Mtoto akajibu kwamba basi atafanya kazi zaidi. Watu waliosikia habari zake walijiunga naye, na mwaka 1999 kisima kikachimbwa kwenye shule ya msingi ya Angolo, kaskazini mwa Uganda.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi ili kuwasifu watoto, na sifa hizo ni haki yao. Lakini linalostahili kuangaliwa zaidi ni lile la wazazi kukataa. Katika michango mingi ya shule mtoto hatoi chochote. Yeye ni tarishi. Baba anatia noti mfukoni mwake, naye anaifikisha. Aliyebeba shilingi elfu moja na aliyebeba shilingi kumi wametembea njia ile ile, na hakuna kati yao aliyepungukiwa na kitu. Chati iliyo ukutani, basi, haipimi ukarimu wa watoto hata kidogo. Inapima mishahara ya wazazi wao, kisha inaibandika mahali ambapo kila mtu ataisoma. Kama Ryan angepewa zile dola 70 siku ile ile, kisima huenda kingechimbwa vilevile, lakini yeye asingekuwa ametoa.

Sasa soma Ruthu 2:14–16 taratibu. Sheria ya Walawi 19:9, 10 ilikuwa imekwisha kuwaamuru wenye mashamba wasivune hadi pembeni, wala wasirudi kuokota yaliyoanguka, ili maskini na mgeni wapate. Angalia jinsi sheria hiyo ilivyotengenezwa. Haikumwambia tajiri aite watu na kuwagawia nafaka mbele ya lango. Ilimwambia aache. Maskini alikuja kwa miguu yake, akainama, akaokota, akapura kwa mikono yake, akarudi nyumbani na kitu alichokitolea jasho. Boazi alikwenda mbele kuliko sheria. Aliwaagiza vijana wake wachomoe masuke katika miganda na kuyaangusha kwa makusudi, wala hakuna andiko linaloonyesha kwamba Ruthu aliambiwa.

Wasomaji wengi huishia kwenye hayo masuke. Lakini katika aya mbili tu Boazi anatoa katazo moja mara mbili: vijana wasimfedheheshe, wasimkemee. Alijua kwamba shamba lililojaa shayiri laweza kuwa mahali pa mateso ikiwa wavunaji wana ulimi. Alilinda mambo mawili pamoja, tumbo la yule mwanamke na uso wake, na hakudhani kwamba akiisha kulishughulikia la kwanza, la pili litajitunza lenyewe.

Mtume Paulo aliwakuta Wakorintho wameshindwa hapo hapo. Soma 1 Wakorintho 11:20–22. Mkusanyiko wao ulikuwa mtakatifu, meza yao ilikuwa ya Bwana, na bado mmoja alikuwa na njaa wakati mwingine amelewa. Paulo hakuishia kuwaambia kwamba chakula hakikugawanywa sawasawa. Aliwauliza kama wanalidharau kanisa na kuwatahayarisha wasio na kitu. Kusudi takatifu halikuifuta aibu ile. Liliifanya iwe kubwa zaidi.

Yako mambo ya kujifunza kutoka kwa mwanafunzi mwingine. Wawira Njiru, Mkenya aliyekuwa akisomea lishe huko Adelaide, Australia, aliwapikia rafiki zake chakula cha nyumbani, nao wakalipia sahani zao. Fedha za jioni hiyo, dola elfu moja na mia kadhaa, zilijenga jiko la kwanza huko Ruiru mwaka 2012, na watoto 25 wakaanza kula. Kazi hiyo ndiyo leo inaitwa Food4Education, na siku hizi majiko yake hulisha maelfu kwa maelfu ya wanafunzi. Katika mpango wa Dishi na County uliofunguliwa Nairobi mwaka 2023, mzazi huchangia shilingi 5 kwa sahani, na gharama inayobaki hulipwa na serikali ya kaunti na wahisani. Mzazi hutuma fedha kwa simu. Mtoto huvaa bangili mkononi, huigusisha kwenye kifaa, hupokea chakula chake. Hakuna sarafu inayoshikwa kwenye foleni. Anayesimama nyuma haoni ni nani amelipiwa na nani, wala lini.

Wako wanaouliza kwa nini maskini alipishwe hata shilingi hizo tano. Swali ni halali. Lakini aliyelipa ana kinywa. Akikuta mawe katika maharagwe, anaweza kwenda kulalamika. Aliyepewa bure hutafuna na kushukuru. Tena mzazi anaweza kumwambia mwanawe kwamba amemlisha, jambo ambalo hakuna mfadhili anayepaswa kumnyang'anya. Hata hivyo mama mwenye watoto wanne shuleni atahitaji shilingi 100 kwa juma, na wako mama ambao juma hili hawanazo. Kwao hao lazima pawepo mtu kama Boazi, wa kuangusha masuke bila kutangaza.

Upo utaratibu mwingine unaopendwa na vijana, wa kufunga kula ili kukusanya fedha. Huko Australia wanafunzi wamekuwa wakifanya hivyo kwa saa 40 tangu mwaka 1975, na watu huwachangia fedha. Ni vema, maadamu hakuna anayedhani kwamba sasa ameijua njaa. Anayejua kwamba Jumapili atakula amekosa chakula; hajakosa tumaini la chakula, na hilo la pili ndilo linalomvunja mtu. Nabii Isaya hakusifu mfungo kwa sababu ya tumbo lililolia. Aliutafuta mkate ulioachwa uko wapi, na nani ameula (Isaya 58:6, 7).

Basi shule ifanyeje? Yesu alifundisha kwamba sadaka itolewe kwa siri (Mathayo 6:1–4), na kwa darasa jambo hili si gumu. Kila mtoto apewe bahasha, kila mtoto airudishe ikiwa imefungwa, yenye kitu au tupu. Bora zaidi, darasa zima lilime tuta la sukuma wiki au lifuge kuku, kisha litoe kilichouzwa. Hapo mwenye mikono miwili ana cha kutoa sawa na mtoto wa mfanyabiashara, na pengine yeye ndiye anayejua jembe kuliko wote.

Ila siri ina hatari yake, na kila aliyewahi kuchangia ujenzi wa choo cha shule anaijua. Fedha zisizoonekana huliwa. Paulo alilijua hili pia: alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu, hakuubeba peke yake. Walitumwa ndugu wengine pamoja, ili mtu asije akalaumu (2 Wakorintho 8:18–21). Yesu na Paulo hawapingani hata kidogo. Mmoja anasema juu ya mtoaji, mwingine juu ya fedha. Mtoaji asionekane, fedha zionekane, zihesabiwe na wengi, na matumizi yasomwe hadharani. Ni ajabu jinsi mambo haya yalivyogeuzwa katika mahali pengi. Majina ya waliotoa husomwa kwa kipaza sauti, na makofi hupigwa. Hesabu ya matumizi haisomwi kamwe.

Linabaki suala la umbali. Njaa ya mbali ina faida moja kwa mtoaji: haimtazami machoni. Haiji kesho yake kuomba tena, haikai dawati moja naye. Lakini Kumbukumbu la Torati 15:7, 8 linamtaja maskini aliye ndani ya malango, ndugu ambaye mtu hukutana naye kila siku. Halimzuii mtu kumsaidia wa mbali. Linamzuia kumruka wa karibu.

Ruthu aliposhiba siku ile mezani pa wavunaji, alisaza, na jioni akamtolea Naomi alichokisaza (Ruthu 2:14, 18). Asubuhi alikuwa mwokotaji, na jioni alikuwa amekuwa mtoaji, kwa mkono ule ule. Zungumzeni darasani: mtoto aliyepita mbele ya sanduku mara tatu bila kitu anao uwezo gani wa kutoa ambao shule yake haijawahi kumwomba, na ni nani kati ya walimu anayejua alikula nini jana usiku?