Kijana, Shujaa Wako ni Nani?



Kijana mwenzangu, leo naanza kwa kukiri. Mimi ni mtu wa gemu. Nikiwa Bukoba mjini naweza kukaa kwenye kibanda cha gemu mpaka mwenyewe anaanza kuzima tivii. Spider-Man namjua, Black Panther namjua, na ukinichokoza kwa habari za Wakanda hatulali. Tena nina kaunta buku ambayo ndani yake nimeunda dunia yangu: visiwa kama vya kwetu Muleba, Bumbire na Goziba, ila vina wafalme, majeshi, sheria na lugha yake. Mbegu ya dunia hiyo nilipewa na bibi, aliyetusimulia habari za Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba, na za watawala wa Ihangiro.

Sioni dhambi hapo. Mungu ametuumba kwa mfano wake (Mwa 1:27), na yeye ni Muumba. Si ajabu nasi tunapenda kubuni. Wazee wetu wa Kihaya walipiga enanga na kuimba habari za mashujaa muda mrefu kabla ya sinema kufika. Basi shida iko wapi? Ngoja nikusimulie.

Likizo moja nilikuwa kwa bibi, Muleba. Ilikuwa jioni, nacheza gemu kwenye simu, nimebakiza adui mmoja tu. Bibi akaita, "Mjukuu wangu, njoo unisaidie ndoo." Nikajibu, "Nakuja, bibi." Akaita tena. "Nakuja!" Mara ya tatu hakuita. Nilisikia ndoo ikianguka. Nikatoka mbio, nikamkuta ameteleza migombani, maji yamemwagika, kifundo cha mguu kimeanza kuvimba.

Niliporudi kuchukua simu, ilikuwa inaniandikia kwamba nimeushinda mchezo. Ufalme mzima nimeukomboa, ndoo moja ya bibi imenishinda!

Bibi hakunifokea. Nilimkanda mguu kwa maji ya moto na chumvi, kisha tukasali rozari, yeye kakaa na mguu juu ya kigoda. Nilijaribu kuongoza fungu langu, sauti ikakwama. Usiku ule nilifungua kaunta buku yangu, nikasoma habari za mashujaa wangu wote. Wanapasua miamba, wanaruka juu ya ziwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumchotea mtu maji.

Baadaye nilirudi kwa J.R.R. Tolkien, baba wa hadithi za namna hii, aliyeandika *The Lord of the Rings*. Alikuwa Mkatoliki, na mama yake alivumilia kutengwa na ndugu kwa sababu ya imani hiyo. Nilikuwa nimemsoma kwa ajili ya vita tu. Safari hii niliona jambo jingine: wenye nguvu na hekima wanaikataa ile Pete, kwa sababu wanajua itawaharibu. Anayeibeba ni Frodo, mtu mdogo tu, na anaibeba ili ikaangamizwe. Tolkien aliiweka siku ya kuangamizwa kwake kuwa tarehe 25 Machi, ambayo Kanisa huadhimisha Kupashwa Habari, siku Mwana wa Mungu alipojishusha akawa mtu tumboni mwa Maria.

Na sisi wa Bukoba hatuhitaji kwenda mbali. Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na uwanja wetu. Watu 19 walifariki, 24 wakaokolewa. Waliowahi kufika walikuwa wavuvi. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alisimulia kwamba alitumia kasia kwenye mlango wa nyuma ili watu watoke, kisha akajaribu kuwafikia marubani mpaka yeye mwenyewe akaumia na kupoteza fahamu. Kasia, basi! Hakusubiri kupewa nguvu za ajabu. Alitumia kilichokuwa mkononi.

Ndugu yangu, soma taratibu Wafilipi 2:5-11. Kristo alikuwa na uwezo wote, akajishusha akawa mtumishi, akatii mpaka msalabani. Kabla ya hapo alijifunga kitambaa kiunoni akawaosha wanafunzi miguu (Yn 13). Sisi tunaota kupewa nguvu ili tuwe mashujaa. Bwana wetu alikuwa nazo, akapiga magoti mbele ya miguu yenye vumbi.

Sikwambii utupe gemu. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na PlayStation. Alijiwekea saa moja tu kwa wiki, ila Misa hakuiacha. Gemu alilitawala, halikumtawala.

Zoezi la wiki hii: ukiitwa nyumbani, nyanyuka mara ya kwanza. Usiseme "nakuja". Nenda.

Kaunta buku yangu bado ninayo. Nimeongeza mhusika mpya, bibi mmoja mwenye ndoo, na mfalme wangu ndiye anayembebea.

Tusali: Ee Yesu mpole na mnyenyekevu wa moyo, utuamshe tunapoitwa. Utufundishe kutumia kilichopo mikononi mwetu kwa ajili ya wenzetu. Mt. Carlo Acutis, utuombee. Amina.