Taabu Pasipo Malipo

Mwaka 2022 huko Wimbledon, Uingereza, binti wa Kenya, Angella Okutoyi, mwenye miaka 18, alitwaa taji la tenisi la wasichana wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Seti ya kwanza walishindwa 3–6. Ya pili wakashinda 6–4, na katika mchezo wa kuamua, 11–9.

Mashindano hayo ya vijana hayana zawadi ya fedha. Tena msimu wa viwanja vya nyasi ni mfupi, majuma machache ya Juni na Julai, kama mvua zetu hapa Mgori: haumngoji aliyechelewa. Basi ni nini humsukuma mchezaji ajitaabishe mwaka mzima?

Wengine watasema anatazamia fedha za baadaye. Huenda, wala ujira si dhambi. Lakini atendaye kwa ujira tu, ujira ukichelewa, huliweka jembe chini. Aipendaye kazi huendelea hata baada ya kushindwa.

Mtume Paulo hakuwadharau wanamichezo waliojinyima kwa ajili ya taji liharibikalo, bali kwa mfano wao aliwaamsha Wakorintho. Nasi tujiulize: mgonjwa asiyeweza kutushukuru, je, tutarudi kumtazama?