Kiongozi Aseme Kabla ya Uvumi

Msikilizaji, kampuni inapokua, watu huingia na kutoka. Hilo halizuiliki, kinachoharibu kazi ni ukimya wa wakubwa. Tazama Buffer, kampuni ya programu za mitandao ya kijamii, ambayo mwaka 2013 ilitangaza hadharani mishahara ya wafanyakazi wake. Mwaka 2016, fedha zilipopungua, mkurugenzi wake Joel Gascoigne aliwapunguza watu 10, kisha akaandika waziwazi kwamba uongozi uliajiri haraka kupita uwezo, na hesabu akaziweka mezani. Mwaka uliofuata mwanzilishi mwenzake, Leo Widrich, aliondoka, na tofauti zao kuhusu mwelekeo wa kampuni zikaelezwa vilevile. Kampuni haikuanguka, ilirudi kwenye faida.

Wapo watakaosema kuwa uwazi huwatia wafanyakazi hofu na kuwapa washindani silaha. Hoja hiyo ina uzito, na kweli siri za wateja au sababu binafsi za mtu kuacha kazi hazistahili kutangazwa. Lakini meza ikibaki bila mtu, kila mmoja huiona. Bosi asipoeleza, uvumi utaeleza kwa niaba yake, na wa kwanza kuondoka watakuwa wale wenye uhakika wa kupata kazi kwingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi wewe unayeongoza watu, waite leo. Waambie nani anaondoka, kazi yake ataishika nani, na fedha zimesimamaje.