Je, Kugawa Sawa Ndiko Kugawa kwa Haki?



Kambini kipimo ni kimoja kwa kila mtu: unga wa mahindi, maharage, mafuta, chumvi. Ni jambo jema, maana linazuia upendeleo. Lakini mgao ukishafika nyumbani na kuingia chungu kimoja, linazuka swali. Mama mwenye ugonjwa wa sukari akiomba ugali kidogo na maharage mengi kuliko wengine, je, anawadhulumu?

Akina mama wengi hujibu kwa kunyamaza. Hula kama wengine wasije wakaitwa wachoyo, au huacha kula. Njia zote mbili ni za hatari. Ugali ni wanga, na wanga hugeuka sukari mwilini. Ugali wa unga uliokobolewa huipandisha haraka kuliko wa dona. Maharage huipandisha polepole. Naye anayetumia insulini au vidonge fulani vya sukari, akikaa na njaa, sukari yaweza kushuka hata akazimia. Kwa hiyo, kabla ya mfungo wa maombi, amwulize daktari kwanza.

Tusome Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wanyamaze. Walitaka wachaguliwe watu saba wa kusimamia kazi hiyo. Na sura ya 4 yaonyesha kipimo cha kanisa lile: kila mtu alipewa kadiri ya haja yake. Haja za watu hazilingani. Kwa hiyo mama huyu haombi upendeleo, anaomba haki.

Wataalamu hushauri nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo ugali, robo maharage. Lengalenga na matembele huota hata kando ya nyumba, na watoto wakieleweshwa watamwagilia kwa furaha, kwani nao watakula. Majirani nasi tusimlazimishe mgonjwa chai ya sukari tukiita ukarimu.

Lakini mgao ukipunguzwa, maharage huisha mapema, na watoto nao wanayahitaji. Hapo nyumba moja haiwezi peke yake. Hapo haki huanza kugonga mlango wa jirani mwenye konzi moja ya ziada.

Bwana awabariki.